Kaya imepotea, umaskini umeruka: kutafuta chanzo utafiti wa kufuatilia kaya unapoharibika

Kati ya 2007 na 2017/18, Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi ulionyesha umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara ukishuka kutoka asilimia 34.4 hadi 28.2 mwaka 2011/12, kisha 26.4. Habari njema, lakini haijibu swali linalomnyima usingizi mtu wa mipango: waliotoka ni akina nani, na wangapi walikuwa wakiingia wakati wenzao wanatoka? Kaya zinazohojiwa safari hii si zile za safari iliyopita, kwa hiyo tunajua idadi tu, hatujui watu. Ili kulijibu lazima urudi kwa mtu yuleyule. Ndiyo kazi iliyoanzwa mwaka 2008 na Ofisi ya Taifa ya Takwimu ikishirikiana na Benki ya Dunia, utafiti wa kufuatilia kaya, ambao sisi wa fani hii tunauita paneli basi.

Haya ni kwa anayebuni paneli ya taifa, au aliyekabidhiwa iliyokwisha kuanza na sasa inamsumbua. Nimeyapanga kwa dalili kwa sababu ndivyo tatizo linavyojitokeza: unafungua jedwali saa tano usiku na kuna kitu hakikai sawa. Ukikifuatilia hadi mwisho, mara nyingi unakuta kilipandwa kwenye dodoso au kwenye kanuni za ufuatiliaji kabla mdadisi wa kwanza hajapanda gari.

Dalili: awamu ya pili imerudi na kaya pungufu

Kabla ya kuhesabu waliopotea, tazama ni akina nani. Ukipoteza kaya 100 zilizotawanyika ovyo, hasara yako ni ukubwa wa sampuli tu. Ukipoteza kaya 100 ambazo nyingi ni za wapangaji wa Dar es Salaam na vijana walioondoka kijijini, umepoteza hadithi yenyewe uliyotumwa kuifuata.

Ushahidi mzuri kuliko wote niujuao uko Kagera. Kati ya 1991 na 1994 zilihojiwa kaya 915 katika vijiji na mitaa 51, wakati ambapo UKIMWI ulikuwa unaumaliza mkoa. Mwaka 2004 watafiti walirudi, wakawafuata waliohama hadi mikoa mingine na hata Uganda, wakapata watu kutoka zaidi ya kaya 9 katika kila 10 za mwanzo. Walipolinganisha, waliohama nje ya mkoa walikuwa wameongeza matumizi yao kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya ndugu zao waliobaki. Sasa fikiria timu ingegonga mlango wa zamani, ikaambiwa “huyo alishaenda Mwanza”, ikaandika “hayupo” na kuondoka. Ripoti ingesema Kagera haijasogea sana, na waliosogea wangekuwa wale tuliowafuta.

Vyanzo vya upotevu ni vichache na vinajirudia. Cha kwanza ni jina. Mdadisi ameandika “Mama Asha” kwa sababu ndivyo alivyojitambulisha, na miaka miwili baadaye mtaa una akina Mama Asha wanne. Au binti amejiandikisha kwa jina la baba, ameolewa, huko aliko anajulikana kwa jina la mume. Dodoso la awamu ya kwanza linapaswa kuchukua majina yote matatu, jina la utani, na jina ambalo mjumbe wa nyumba kumi anamwitia. Cha pili ni mawasiliano. Namba moja ya simu haitoshi kwa sababu laini zinatupwa. Omba watu watatu wasioishi kwenye kaya hiyo ambao wangejua alikokwenda, na angalau mmoja awe kwao alikozaliwa. Mtu anaweza kumkimbia mwenye nyumba anayemdai kodi, lakini mama yake huko Rombo anajua alipo.

Cha tatu ni fedha, na hapa ndipo wabunifu wengi hujidanganya. Kumfuata aliyehama ni ghali mara kadhaa kuliko kumhoji aliyebaki, na bajeti hii ndiyo ya kwanza kukatwa mafuta yanapopanda. Iandike kama kifungu chake peke yake, chenye gari lake na wadadisi wake wanaobaki uwanjani baada ya timu nyingine kufunga. Paneli ya Tanzania ilipotoka awamu ya kwanza kwenda ya pili ilipoteza takriban asilimia 3 tu ya kaya. Mafanikio ya namna hiyo yanalipiwa.

Na cha nne, kanuni isiyoeleweka ya nani afuatwe. Tanzania ilichagua kufuata kila mwanakaya wa mwanzo mwenye umri wa miaka 15 au zaidi, isipokuwa wafanyakazi wa ndani. Unaweza kuchagua vingine, ila chagua kabla, andika kwa sentensi moja, na umwulize kila mdadisi aieleze kwa maneno yake. Wakitofautiana, una paneli mbili bila kujua.

Dalili: kaya zimezidi

Huu mara nyingi si ugonjwa. Awamu ya kwanza, 2008/09, ilikuwa na kaya 3,265. Ya pili, 2010/11, zikawa 3,924. Ya tatu, 2012/13, zilipita 5,000. Hakuna aliyeongeza sampuli: vijana wameoa, ndugu wamegawana, mjane amerudi kwao na watoto wawili, na kila kipande kimekuwa kaya.

Tatizo huanza pale kipande kimoja kinapohesabiwa mara mbili. Mume mwenye wake wawili, mmoja Buza na mwingine Mkuranga, atatajwa kwa nyumba zote mbili kuwa mkuu wa kaya. Ukiuliza “anaishi hapa?” utajibiwa ndiyo huku na huku, na hakuna aliyedanganya. Kigezo cha chungu kimoja, kwamba wanaokula pamoja ndio kaya moja, kinasaidia, nacho kina mipaka yake kwa mtu anayekula vyungu viwili. Weka idadi ya miezi au usiku aliolala hapo katika miezi 12 iliyopita, kisha kanuni ya kumpa kaya moja. Halafu angalia uzani, yaani idadi ya kaya za nchi ambazo kila kaya ya sampuli inaziwakilisha. Kaya mpya inayoundwa na mtu wako mmoja wa zamani pamoja na mwenzi ambaye hakuwahi kuwa kwenye sampuli ingeweza kuingia kupitia familia yoyote kati ya hizo mbili, kwa hiyo uzani wake unagawanywa. Ukiipa uzani kamili, jumla ya watu wa nchi itafura kwenye jedwali lako na utashinda wiki nzima ukitafuta kosa kwenye programu.

Paneli pia inazeeka. Waliohamia eneo baada ya orodha yako ya kwanza hawamo, na mtaa mpya uliochipuka Chanika haumo kabisa. Mwaka 2014/15 Tanzania ilichora sampuli mpya ya kaya 3,352 na kubakiza sehemu ya zile za zamani ziendelee kufuatiliwa. Panga uhuishaji wa sampuli wa namna hiyo tangu mwanzo, uende sambamba na sensa, maana ndiyo inayokupa orodha mpya ya maeneo ya kuhesabia watu.

Dalili: umaskini umeruka au umeshuka kupita kiasi

Simama. Usiandike muhtasari kwa Waziri. Fungua dodoso la awamu iliyopita, liweke kando ya hili jipya, soma sehemu ya chakula mstari kwa mstari.

Kuna aliyefupisha orodha? Mwaka 2007 na 2008 kulifanyika jaribio katika wilaya 7 za Tanzania, kaya zaidi ya 4,000, ambapo majirani walipewa kwa bahati nasibu njia nane tofauti za kuulizwa matumizi: wengine shajara, wengine kukumbuka siku 7, wengine siku 14, wengine orodha ndefu, wengine fupi. Kijiji kilekile, mwezi uleule, na bado viwango vya umaskini vilitofautiana sana kwa sababu ya dodoso peke yake. Orodha fupi iliyojumuisha vyakula kwa makundi ilishusha matumizi. Swali la “mwezi wa kawaida” lilichosha watu, likachukua muda, na bado likatoa majibu dhaifu. Orodha ndefu kwa siku 7 haikuwa mbali sana na shajara ya kila mtu iliyosimamiwa kwa karibu.

Kwa hiyo mtu anapokuja kikaoni na wazo la “kuboresha” sehemu ya chakula kati ya awamu, mwambie akae. Dodoso bovu kidogo lisilobadilika lina faida kuliko zuri linalobadilika. Kama ni lazima libadilike, nusu ya sampuli ipewe la zamani na nusu jipya kwa awamu moja, upate daraja la kuvukia.

Orodha ikiwa salama, nenda kwenye kalenda. Kaya iliyohojiwa mwezi wa mavuno na kurudiwa mwezi wa njaa imeshuka hata kama maisha yake hayajabadilika. Dawa ni kumrudia kila mmoja katika mwezi uleule aliohojiwa mwanzo. Kwa pwani na Zanzibar hiyo haitoshi, kwa sababu Ramadhani haifuati kalenda ya ofisi. Inarudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, yaani siku 22 kwa paneli ya miaka miwili. Katikati ya Septemba 2008 Unguja ilikuwa inafunga, watu wananunua tende, tambi na viazi vikuu. Katikati ya Septemba 2010 Idi ilikuwa imeshapita. Mwezi uleule, meza tofauti kabisa. Mdadisi aweke alama: mfungo, wiki ya sikukuu, msiba, harusi. Ni kisanduku kimoja, na kinaokoa mjadala wa siku nzima.

Kisha vipimo. Mtu hali kilo. Anakula fungu la nyanya, kisado cha viazi, mkungu wa ndizi, kopo la mchele. Fungu la Kariakoo si fungu la Kibondo, na fungu la Kariakoo la Januari si la Julai. Timu inapaswa kupima mafungu sokoni kwa mizani katika kila eneo, kila awamu, pamoja na bei yake. Jedwali la kubadilisha vipimo lililonakiliwa kutoka awamu ya kwanza linaleta shibe ya uongo: bei ya fungu haikupanda, fungu lenyewe ndilo lililopungua.

Mwisho ndiyo uangalie fahirisi ya bei. Kama mstari wa umaskini umepandishwa kwa mfumuko wa bei wa mijini pekee wakati masikini wengi wako vijijini na wanakula mahindi, umewaumba masikini mezani.

Dalili: nusu ya masikini wametajirika na nafasi zao zimechukuliwa na wengine

Jedwali la kuingia na kutoka ndilo fahari ya paneli, na ndilo linalodanganya kwa upole zaidi. Chukua mama aliyesahau kutaja dagaa na sukari awamu ya kwanza. Ameandikwa masikini. Awamu ya pili amekumbuka. Ametoka kwenye umaskini bila kupata hata shilingi. Aliyezidisha mwanzo, naye ameanguka. Makosa ya kawaida, yasiyo na nia mbaya, yanazalisha msukosuko mkubwa katika watu waliokaa karibu na mstari, na huko ndiko walikojaa wengi.

Pima kwa vitu visivyosahaulika. Wale “waliotoka”, je, paa limebadilika kutoka nyasi kwenda bati? Mifugo imeongezeka? Mtoto aliyeacha shule amerudi? Kama hakuna kilichosogea zaidi ya hesabu ya chakula, usimwambie mtu wa TASAF, mfuko unaosaidia kaya masikini, awaondoe kwenye orodha. Awamu tatu ni bora kuliko mbili hapa, kwa sababu aliyeruka na kurudi palepale anajionyesha.

Dalili: mashamba yanapanuka na kusinyaa

Ekari moja na nusu mwaka huu, tatu mwaka ule, na hakuna aliyenunua. Mkulima hakuwahi kupima. Anakadiria kwa siku za kulima au kwa mbegu. Makadirio haya yana mwelekeo unaojulikana: wenye vishamba vidogo huvikuza, wenye mashamba makubwa huyapunguza. Madhara yake ni mabaya kuliko kelele za kawaida, kwani yanapotosha swali zima la kama shamba dogo linazalisha zaidi kwa ekari. Tembea na GPS kuzunguka shamba, lakini endelea pia kumwuliza mkulima, ili yale mashamba yaliyo mbali ambayo timu haikuyafikia yaweze kukadiriwa. Andika vilevile ni shamba lipi kwa jina analolitumia mwenyewe, “la mtoni”, “la bibi”, la sivyo awamu ijayo utalinganisha shamba la mpunga na la muhogo.

Mavuno ni hivyohivyo. Uliza gunia, halafu uliza gunia gani: la kilo 100 lililoshonwa sawa au lumbesa lenye kichwa. Mahindi yaliyoliwa mabichi hayaingii kwenye hesabu ya gunia, wala muhogo unaong'olewa kidogo kidogo mwaka mzima. Hayo yawe na maswali yake.

Dalili: Juma amekuwa mwanamke wa miaka 12

Namba za wanakaya zimeteleza. Mtu namba 3 wa awamu ya kwanza si namba 3 wa ya pili, kwa kuwa mdadisi ameorodhesha upya akianza na aliyekuwa sebuleni. Kishikwambi kinapaswa kuja na orodha ya zamani tayari, na kila jina lithibitishwe: yupo, amehama, amefariki. Umri ukipungua au ukiongezeka kwa zaidi ya miaka minne ndani ya awamu mbili, kilie pale pale mbele ya mwenye kaya. Ila usikiache kimkatalie mdadisi kabisa. Umri wa mwanzo ndio huenda ulikuwa wa kubahatisha, tazama tu jinsi watu wanavyorundikana kwenye 30, 35, 40.

Dalili: kaya imehama mkoa na haijatoka kitandani

Imetokea kweli na ni rahisi. Mwaka 2012 zilizaliwa Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. 2016 ikafuata Songwe. Kaya ya Mbozi ilikuwa Mbeya, sasa ni Songwe. Hifadhi msimbo wa zamani na mpya katika safu mbili, na useme “amehama” kwa umbali wa GPS, usiseme kwa jina la mkoa.

Dalili: wanawake wameacha kazi ghafla

Angalia nani alijibu na kwa maswali gani. Jaribio lililofanywa sambamba na lile la chakula lilionyesha kwamba dodoso fupi la ajira, lisilo na maswali ya kuchokonoa, linapunguza wanawake wanaohesabiwa kuwa wanafanya kazi: anayelima shamba la nyumbani na kukaanga vitumbua asubuhi hujibu “sina kazi, niko nyumbani tu”. Kumjibia mtu mwingine, kwa upande wake, kulipunguza kazi za wanaume. Mke hajui vibarua vyote vya mumewe, au anavijua na havimhusu mgeni.

Kama maswali hayajabadilika, linganisha wadadisi. Katika paneli pande zote mbili hujifunza. Mhojiwa anakumbuka kwamba kila “ndiyo” ilizaa maswali kumi, na mdadisi analijua hilo vizuri kuliko yeye. Niliwahi kukaa na faili ambalo mdadisi mmoja alikuwa na biashara ndogo katika kaya 2 tu kati ya 40, wenzake wa mitaa ileile wakiwa na 15. Hakuwa mvivu kuliko wenzake. Alikuwa anapewa kaya nyingi zaidi kwa siku kwa sababu alikuwa na pikipiki. Tukampunguzia kaya, biashara zikarudi.

Dalili: kila mkoa unataka namba yake

Hapa ni hesabu tu. Awamu ya kwanza ilikuwa na maeneo 409, kaya 8 kwa kila eneo, ikakusudiwa kusema juu ya nchi, Dar es Salaam, miji mingine, vijiji vya Bara, na Zanzibar. Majirani hufanana. Chukua mfano kwamba ufanano wao, kwa kipimo cha 0 hadi 1, ni 0.2: kaya 8 za eneo moja zinakuza varianci (mraba wa kosa la sampuli) mara 1 + 7 × 0.2, yaani 2.4, na kaya zako 3,265 zinafanya kazi kama 1,360 hivi. Zigawe kwa mikoa 26 iliyokuwapo, kila mmoja unabaki na 52. Umaskini wa asilimia 30 kwa kaya 52 una wigo wa makosa wa pointi 12 na zaidi kila upande. Mkuu wa mkoa atasoma 30 akidhani ni 30, kumbe inaweza kuwa 18 au 42.

Usimpe. Mpe namba za mkoa kutoka utafiti mkubwa wa mapato na matumizi, na paneli uiachie kazi inayoiweza: nani amebadilika na nini kilitangulia mabadiliko hayo.

Dalili: data imefika na swali limeshakufa

Paneli ya ana kwa ana ni ya polepole. Maswali ya haraka kama bei ya unga wiki hii yapeleke kwenye simu. Sauti za Wananchi, utafiti wa simu wa shirika la Twaweza, ilianza 2012 kwa kutembelea kaya 2,000 za Bara, ikawaachia wahojiwa simu na chaja ya sola, kisha ikawa inawapigia. Unaweza kushona paneli mbili: ile kubwa itoe msingi na uzani, simu ijaze katikati, ukikumbuka kwamba asiyefikiwa na mtandao ndiye huyo unayemtafuta.

Ucheleweshaji mwingine wote huanzia kwa dodoso lililobeba maswali ya kila idara. Njia ninayoitumia: kabla ya mafunzo ya wadadisi, kila wizara iliyoomba maswali ilete jedwali tupu, lenye vichwa vya safu na mistari bila namba, na jina la ofisa atakayelitumia na kwenye kikao kipi. Mara ya mwisho nilipodai hivyo, dodoso la kurasa 60 lilibaki 41.